Bonyeza Moja

Ujumbe tuliuandika Kisumu, ghorofa ya tatu, feni ikilalama,
watu sita tukibishania neno moja:
"tafadhali" libaki au liondoke?
Likaondoka. Herufi zilikuwa zimejaa.
Ukabaki huu: Plister, umemeza dawa ya presha?
Ndiyo, bonyeza 1. Bado, bonyeza 2.
Saa moja jioni, kila siku, miezi sita.

Na Mama Plister wa Ahero, ng'ambo ya mfereji wa mpunga,
akabonyeza moja.
Siku Nyando ulipomwingilia jikoni, moja.
Usiku wa matanga ya shemeji yake, moja.
Siku mia na themanini, mstari wa kijani
ulionyooka kama uzi wa mwashi.
Mkubwa wetu akauonyesha ukutani kwa wageni:
"Huyu ndiye mfano."

Nikatumwa kumwona mfano.

Kipimo kilimbana mkono, kikahema, kikasoma
mia na themanini kwa mia na kumi.
Nikarudia. Vilevile.
Chombo hakina haya.

"Mama, simu iko wapi?"

"Simu iko sokoni kwa Okinda, inakunywa moto.
Hapa stima hupita juu ya paa, haishuki.
Nilimwambia, nyathina, ikilia ujibu,
watu wa hospitali wasije wakaona nimewadharau."

Okinda nilimkuta nyuma ya meza ya mbao,
simu ishirini na tatu, nyaya kama matumbo ya mbuzi,
kila simu na kibandiko cha plasta, jina kwa kalamu.
Hakuficha kitu.
"Siku ya kwanza nilibonyeza mbili.
Mkaleta maswali matano.
Moja inawanyamazisha."

Nikarudi kwa mama, jua likinichoma kisogo,
nikiwa na swali ambalo halikuwa kwenye fomu.
Akashusha kopo la majani ya chai.
Ndani, vidonge vinne, na wembe.

"Zahanati wameishiwa tangu masika.
Nakata nusu. Nusu Jumatatu, nusu kichwa kikigonga.
Ninyi mliuliza kama nimemeza.
Kama ninazo, nani aliuliza?"

Kishikwambi kilikuwa na visanduku viwili:
alijibu, hakujibu.
Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kidole hewani,
yeye akinimenyea muwa kwa wembe uleule.

Nilifika Kisumu giza linaingia.
Namba yangu nayo imo katika orodha, ya majaribio,
hakuna aliyekumbuka kuifuta.
Saa moja kamili simu ikatetemeka mfukoni:
JINA, umemeza dawa ya presha?

Mimi sina presha. Sina dawa.
Nilikuwa nimechoka, viatu vina tope la mpunga,
na kidole, bila kuniuliza,
kilikuwa kimeshakwenda kwenye moja.