Buluu ya Kufulia

Tororo ya utoto wangu ilikuwa ya saruji:
vumbi kwenye mabati, kwenye migomba,
kwenye kope za baba akirudi zamu ya usiku.
Hata jogoo wetu mweupe alikuwa kijivu.

Nami nilikuwa na njaa isiyoshibishwa na ugali.
Nikaiba manjano ya mchuzi na buluu ya kufulia,
nikatafuna zambarau, nikatemea kiganjani.
Kijani sikujua kinatoka wapi
mpaka buluu ilipomwagikia manjano,
nikapiga kelele kama aliyeumwa na siafu.

Nyuma ya jiko nikamchora shangazi Athieno
katika gauni ambalo hakuwahi kulivaa.
Mama alikuja na fimbo.
Akatazama. Akatazama tena.
"Mbona umemnyima viatu?"

Nikamvisha.
Mvua za Aprili zikaruka kutoka ardhini,
zikaanza na viatu.

Sasa niko Kampala, nina rangi za mrija
zenye majina marefu kuliko langu.
Kijani kile hakimo hata katika mmoja.
Ila nikifua shati jeupe, Jumamosi,
maji ya buluu yakitulia beseni,
nachelewa kidogo kuyamwaga.