Hesabu ya Thembo

Kwetu Kilembe jina ni hesabu.
Mtoto wa kiume wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale,
wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo.
Mama akituita kula hakuhitaji vidole.
Mimi ni Masika, binti pekee,
wa kwanza na wa mwisho wa safu yangu,
mshika mwiko.

Kisha Nyamwamba ikashuka usiku
na mawe makubwa kama ng'ombe,
ikapita katikati ya nyumba kuukuu za wachimba shaba,
ikambeba Kule na godoro lake.

Godoro tulilipata.

Mwaka huohuo mto ulitibiwa.
Walikuja mainjinia na viatu vya mpira,
wakafungia mawe ndani ya vizimba vya waya,
wakapima kina, wakaandika, wakarudi kupima tena.
Hakuna aliyesema mto umerogwa.
Hakuna aliyeuambia mto ujikaze kiume.

Thembo naye?
Thembo alianza kuamka kila mawingu yakigusa mlima.
Anasimama mlangoni na tochi isiyo na betri,
anahesabu: Baluku, Bwambale, Masereka,
hapo anakwama, kama kigari cha mgodi reli ikikatika,
anarudi kwenye Baluku.
Mpaka jogoo awike. Mpaka chai ipoe.
Aliacha kazi kwenye kinu cha kahawa, au kazi ilimwacha;
timu ya Bulembia ikatafuta golikipa mwingine.

Majirani hawakukosa majina ya kumpa.
Pepo. Bangi. Uvivu. Laana ya ukoo.
Shangazi alileta kuku mweupe,
mchungaji alileta mafuta na sauti kubwa.
Na mimi nilileta kamba.
Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa:
usiku mmoja wa mvua za Aprili
nilimfunga mkono kwenye mguu wa kitanda,
mdogo wangu, niliyembeba mgongoni,
ili watu wasimwone.
Si ili asiumie. Ili wasimwone.

Alhamisi iliyofuata tulishuka hospitalini,
chumba cha mwisho, ukishapita cha meno,
ambako watu huketi wameelekeza nyuso ukutani
wasitambuane, na sote tunajuana.
Muuguzi Kobusinge hakuwa na kuku wala mafuta.
Aliuliza kwa Kiswahili kilekile cha mgodini
alichotuachia babu:
"Usingizi wako, Thembo, ulikukimbia lini?"
Thembo akaitazama mikono yake
muda wa kutosha kuchemsha maji.
Kisha akataja jina moja, la nne,
ambalo nyumbani halikutamkwa tena
tangu tuzike jeneza jepesi,
akalia,
na muuguzi hakumwambia nyamaza.

Sitawadanganya kwamba alitoka amepona.
Ana vidonge vya aina mbili, kimoja humkausha mdomo.
Ana daftari. Ana Alhamisi zake.
Mwezi uliopita dawa ziliisha dirishani
tukateleza kurudi chini, hatua zote,
kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kwenye tope la Kyanjuki.
Lakini juzi mvua ilinyesha
akahesabu mpaka tano.
Kule alimtaja polepole, kama uwekavyo yai mezani,
kisha akajitaja mwenyewe, akarudi kulala.

Sasa Baluku, mkubwa wetu, yule asiyelia,
ameniuliza kama foleni ya chumba kile ni ndefu.
Anamuulizia rafiki, anasema.
Nimemwambia rafiki huyo awahi asubuhi,
na kama anaogopa kuonekana
nitaketi naye, uso wangu ukitazama nje.

Ni rahisi kwangu kusema hivyo.
Alhamisi hii nilipochukua daftari niondoke,
Kobusinge aliweka kalamu chini.
"Na wewe, Masika? Unalala?"
Nikamjibu nimechelewa, nimeacha maharage motoni.

Hakukuwa na maharage.