Mzinga wa Saba

Mei imeingia, micheri imeshamwaga maua bondeni,
na mzinga wa saba bado unanong'ona
wakati wenzake wanavuma kama mashine ya kusaga.

Lovrenc anapita na baiskeli, anasema ni utitiri.
Anarudi jioni, anasema ni njaa, wape sukari.
Jumapili, akitoka kanisani, anasema ni baridi,
theluji ile ya Aprili iliyotukuta tunapanda viazi.
Lovrenc ana majibu mengi. Mizinga hana.

Nilianza na utitiri, nisije nikamdharau mtu bure:
nyuki kikombe kimoja, sukari ya unga,
tikisa, tikisa, juu ya sahani nyeupe.
Walidondoka wawili tu. Si hao.
Nikapima kwa kiganja uzito wa fremu za pembeni.
Asali ipo. Chavua ipo, ya njano na ya kijivu.
Ubao wa mlangoni msafi, hakuna aliyeharisha.

Mizinga yetu hufunguliwa kwa nyuma, kama kabati,
fremu huchomolewa moja moja kama vitabu.
Nikachomoa cha katikati, nikasoma:
watoto wamepandwa kama shamba la mvivu,
buu, shimo, shimo, buu, shimo,
na vifuniko vimetuna kama vichwa vya risasi.
Madume. Madume ndani ya vyumba vya vibarua,
vyumba vinawabana, nta imewavimbia.

Nikavaa miwani ya Anzelm, nikageukia jua.
Yai moja kila chumba, limesimama wima, chini kabisa.
Wangekuwa vibarua waliojitwika umama
ningeona matatu, manne, yamebandikwa ukutani ovyo.
Hapana. Ni yeye mwenyewe. Yupo, na hajalala.
Anataga kile alichobakiwa nacho.

Juni iliyopita ilinyesha siku kumi na moja,
juma lilelile alilotoka kwenda kutafuta waume angani.
Sijui alikutana na wangapi.
Akiba haiozi, lakini huisha.
Anzelm alikuwa bado hai. Alimpaka nukta ya buluu
kwa kijiti cha kiberiti, mkono ukimtetemeka,
nusu ya rangi ikaenda kwenye bawa.

Kwa bawa hilo nilimtambua, fremu ya sita.
Wanane walikuwa wamemzunguka, vichwa vimemwelekea,
wakimlisha, wakimlamba,
kana kwamba hawajahesabu.
Kumbe walikwisha kuhesabu: ukingoni mwa sega
walikuwa wamejenga chumba cha malkia,
kimoja, kirefu, kizuri,
na ndani yake, kwenye uji wote ule wa kifalme,
buu la dume.

Kitabu kina mstari mmoja tu:
mfinye kichwa, unganisha kundi.

Nilimtia kwenye kiberiti pamoja na watumishi sita,
nikakitia kiberiti mfukoni mwa aproni.

Jioni nikatandika gazeti juu ya wavu wa mzinga wa nane,
nikalitoboa kwa sindano ya kushonea magunia,
nikawahamishia wa saba ghorofa ya juu.
Wasipigane. Wanusane kwanza kupitia karatasi.
Ukurasa niliouokota ulikuwa wa matangazo ya vifo;
sikuutafuta, ndio uliokuwa juu.
Kulipokucha wa chini walikuwa wakitoa vipande mlangoni,
hapa jina la ukoo, hapa saa ya mazishi,
hapa nusu ya msalaba.

Katika lugha ya bonde hili
ng'ombe ana neno lake la kufa, mbwa ana lake.
Nyuki hufa kwa neno la watu.
Malkia aliishi dirishani pa jikoni hadi Alhamisi,
nikimdondoshea asali kwa ncha ya uma.
Neno lile nililitamka peke yangu, sufuria ikichemka,
mara ya pili mwaka huu.

Lovrenc akasimamisha baiskeli kwenye ua.
"Kwa hiyo ilikuwa utitiri?"
Nilikuwa nimeinama, nausugua mzinga wa saba kwa magadi.
Ilikuwa mvua, nikamwambia.
Akatazama juu. Hapakuwa na wingu.