Soksi Zilizofiwa

Orodha niliiandika nyuma ya mtihani wa darasa la tatu,
ule ambao mbele yake Chilongani alijibu
kwamba umeme hutoka nyumbani kwa mwenyekiti.
Nilimpa alama. Kwa kijiji chetu, ni kweli.

Vishikwambi ishirini vilishafika, boksi lina picha ya theluji.
Chaja zake zina meno bapa mawili,
soketi yetu inadai matatu.
Basi: adapta ishirini.
Ekstensheni nne, zile nzito, zisizonuka moto.
Kufuli mbili.
Chaki, maana chaki haijafukuzwa kazi.

Kamati ikakaa. Mama Ndahani akasema,
"Fedha hatuna. Alizeti tunayo."
Kila kaya debe moja, na asiye na debe, nusu,
na asiye na nusu akaja kupakia magunia.
Kibaigwa wakatupimia, wakatupunja kidogo,
ikawa laki mbili na arobaini na tatu elfu.
Mwalimu Mbijima alinikabidhi bahasha kama anayekabidhi mtoto mchanga:
"Risiti ya mashine, Nyemo. Ya mkono sitaki hata kuiona."

Dodoma, nyuma ya soko la Majengo, upepo wa Agosti
ulikuwa unapekua watu kama mgambo.
Duka la kwanza: adapta zipo, mashine mbovu.
Duka la pili: mashine nzima, adapta zimeisha jana.
La tatu, kijana akaniuliza, "Na risiti au bila?"
kama anayeuliza chai ya maziwa au ya rangi.
Nikasema na risiti,
bei ikapanda huku naitazama.

Nikalipa. Nikatoa nauli ya kwenda na kurudi,
nikahesabu kwa vidole ndani ya mkoba:
elfu tisa.
Na makava? Moja, elfu kumi na tano.

Sasa, vumbi letu halipigi hodi.
Linaingia kwenye saa, kwenye uji,
kwenye sikio la mtoto aliyelala kwa ubavu.
Kishikwambi kilicho uchi hakitaiona Oktoba.

Sabasaba, mwisho wa safu ya mitumba,
mama mmoja amekalia mzigo, miguuni kwake
rundo la soksi, hakuna hata mbili zinazofanana.
"Hizi zimefiwa," akasema. "Mia mbili, mia mbili, wajane wangu."
Nikachagua ishirini kwa kuzipima na kiganja:
ya mistari, ya paka, ya timu nisiyoijua,
moja ndefu ya kupanda hadi pajani.
Nikaomba risiti.
Alicheka mpaka akalazimika kuushika mzigo.

Jumatatu walivivisha wenyewe.
Waligombania paka. Ile ndefu akaishika Chilongani,
akakizungushia kishikwambi mara mbili, akafunga fundo,
akanitazama kama fundi anayesubiri malipo.
Ofisini, Mwalimu Mbijima, kalamu nyekundu hewani:
"Na hii elfu nne?"
"Soksi."
Akachungulia dirishani. Akakaa kimya muda mrefu.
Akaandika: vifaa vya kinga.

Matika wa dawati la mbele, aliyekuja pekupeku,
aliigeuza yake nje ndani, akainusa,
akauliza, "Mwalimu, pacha wake yuko wapi?"
Nikasema yuko mguuni.
"Kwa nani?"
Hilo halimo kwenye kiongozi cha mwalimu.

Kipindi cha mwisho, nilipopita nikikusanya,
chake kilikuwa bado kinawaka.
Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi,
alikuwa ameandika:
*shikamoo. soksi yako ninayo mimi.
haijatoboka. mguu wako mwingine unaona baridi*
Alama ya kuuliza hakuiona ilipo.

Mtandao hatuna.
Barua imelala kabatini, chini ya kufuli mbili,
ndani ya soksi.