Shimo la Mchanga

Nyumba yetu ilitoka kwenye shimo lile.
Mwaka ule karafuu zilipompa Ngwali bei,
tulichimba mchanga siku kumi na moja,
gari ya ng'ombe ikienda na kurudi, ikienda na kurudi,
hata Kito, ng'ombe wetu, akaijua njia asiongozwe.
Matofali tukafyatua uani. Bati tukapandisha.
Shimo tukaliacha wazi
kama mdomo wa mtu aliyekatizwa maneno.

Mvua za masika zikalijaza.
Mayungiyungi yakaja, hayakualikwa.
Kito akashuka kunywa, akaacha mavi yake ukingoni,
mavi yakalisha majani, majani yakalisha
konokono wadogo, mfano wa punje ya kunde,
ambao hakuna aliyewatazama mara mbili.
Sisi tulisema, Alhamdulillahi, maji yamesogea.
Mimi nikafulia pale, nikarowekea ukindu pale.
Watoto wakitoka skuli, mabegi mtini, wao majini.

Niseme na langu, maana nisiposema hapa sitosema tena.
Shaame alibanwa na mkojo,
na mimi ndiye niliyemwambia:
"Usinikojolee ukuta, huna adabu? Nenda kule shimoni."
Chokaa nilikuwa nimepaka juzi yake.
Nililinda chokaa.

Alipokojoa damu hakunambia.
Aliwaambia wenziwe, nao wakamwonesha zao,
wakacheka: ndio ukubwa huo.
Hata Ngwali aliposikia alisema,
"Na mimi nilipitia. Huisha."
Haikuisha.
Mtoto akawa mwepesi kama ungo mtupu,
akalala darasani, mwalimu akamwita mvivu,
nami nikamwita mvivu
kwa sauti kubwa kuliko ya mwalimu.

Raya wa kichocho alifika na buti za mpira
na chujio lenye mpini mrefu.
Hakupiga hodi. Alikwenda shimoni kwanza.
Nikakasirika: "Mgonjwa yumo humu ndani,
wewe unavua nini huko?"
Akanijibu bila ya kugeuka: "Navua ugonjwa wake."

Alimtia konokono kwenye kichupa, akakiweka juani.
Tazama, akasema. Sikuona kitu.
Vimo, akasema, vidogo kuliko vumbi la unga,
vinamtoka yeye vinatafuta ngozi.
Na yeye vilimwingiaje?
Akaeleza, polepole, kama anayenipa hesabu ya deni,
na kila alipofika kwenye neno mkojo
nikautazama ukuta wangu mweupe.

Siku ya pili akaja mwenziwe wa mifugo,
akaokota mavi ya Kito kwa kijiti, akayafunga.
Ng'ombe naye ana wake, akatwambia baadae,
si huu wa Shaame, ni binamu yake.
Mlango mmoja, wageni mbalimbali.

Shaame alisimamishwa kwenye ubao wa kimo,
akahesabiwa vidonge kwa urefu wake,
akavimeza na wali, akatapika kimoja, akapewa chengine.
Kito akapigwa sindano, akampiga teke mtu wa watu.
Lakini shimo nani atalipa kidonge?

Ngwali akasema tulifukie.
Nikamuuliza udongo utoke wapi.
Akanyanyua mkono kuonesha, kisha akaushusha.
Popote angeonesha pangekuwa shimo jengine.

Basi tunatupa makumbi, tunatupa vifusi,
kila Ijumaa kigari kimoja. Halijai.
Kito hunywa ndooni, na ndoo naijaza mimi,
mgongo wangu unajua.
Choo kimefika kozi ya nne.

Jana Shaame, mashavu yamerudi kidogo,
alikaa barazani akaniuliza:
"Mama, na konokono je, yeye huumwa?"
Nikamwambia alivyonambia Raya:
akishaingiwa hatagi tena, na hufa kabla ya wenziwe.
Akanyamaza kitambo.
"Basi na yeye," akasema,
"hakuna aliyemwambia."