Bonge la Chuma, Maribor

Jepesi mno, alisema Zorka,
kiganja chake juu ya reli ya alumini:
mtoto mmoja na baiskeli yake
na daraja zima linashikwa na homa.

Juu wakafunga vihisi, waya, mota
inayowahi tetemeko kabla halijakomaa;
likisukuma huku, yenyewe inasukuma kule.
Bei yake usiniulize.

Chini, gizani, Bogomir alining'iniza
bonge la chuma kwa springi nne,
kilo mia tatu na arobaini,
ulimi wake umezama katika mafuta mazito.
Halina akili. Halina umeme.
Kazi yake kutikisika
ili wengine wasitikisike.

Jumapili ya mbio, theluji ilikata umeme.
Kompyuta ikafumba jicho.
Watu mia sita, viatu juu ya bamba,
hatua zikaanza kupatana bila kuagizwa.
Zorka akapiga magoti, akatega sikio:
bonge lilikuwa likienda mrama peke yake,
mafuta yakimeza mtikisiko
na kuutema kama uvuguvugu.

Chai katika kikombe cha mwamuzi
ilichora duara moja, ikatulia.

"Mwambieni Bogomir," alisema akijipangusa magoti,
"springi ya tatu inalia. Alete grisi."