Ukuta Uliokohoa

Waliniita kwa sababu ya mikono, si jina.
"Mafundi wa udongo bado wapo?" aliuliza yule dada, Mbeleje,
kafika Nkuhungu na bajaji, daftari la michoro kwapani.
Nikamwambia napiga plasta ya saruji mwaka wa kumi na tisa huu,
udongo niliuacha kwa mama.
Akasema: huohuo ndio ninaoutaka.

Tukauchimba Nzuguni, kando ya barabara mpya,
mwekundu unaoelekea kijivu, ule unaoganda kuchani
hadi Jumapili. Tukaumwaga ndani ya ghala la karanga
nyuma ya stesheni, tukaukanda kwa samadi na maji ya kununua,
nikajenga chumba kimoja, futi kumi kwa kumi na mbili,
chumba cha mpangaji,
kodi miezi sita mbele, luku mnachangia.

Kisha akaanza mambo yake.
Kitanda akakipaka udongo. Godoro. Chandarua.
Jiko la gesi, chupa ya chai, runinga na rimoti yake,
kalenda ya benki, ndala mlangoni,
vyote rangi moja; nyufa za ukuta
zikapita juu ya mto, zikashuka sakafuni
bila kukatika.
Ukisimama kizingitini unaona chumba kitupu.
Ukikawia, kinaanza kukaliwa.

Pembeni, juu ya kigoda, akaketi Nyamwanji,
muuza mlenda wa Sabasaba,
kapakwa toka unywele hadi kisigino,
kalipwa siku tatu asitikisike.

Wageni wakaja toka Mtumba, beji shingoni.
Wakazunguka. Wakasema "dhana".
Mmoja akauliza maonyesho yenyewe yako wapi.
Mwingine akamtundikia Nyamwanji koti lake begani.
Wenzangu walicheka. Mimi cheko halikuja.

Tembe ya mama ilikuwa hivyo.
Paa bapa, udongo juu, majani yakiota mvua ikinyesha,
mbuzi wakipanda wakidhani kichuguu.
Ilijengwa fupi makusudi:
wezi wa ng'ombe walipita ng'ambo ya korongo,
wakaona nchi tupu, wakaenda zao.
Ilitukinga na jua la Oktoba, na upepo usiochoka,
na macho.

Hadi mwaka walipopiga picha kutoka angani.
Kijana wa upimaji akatandaza ramani juu ya boneti,
akaweka kidole: hapa, mama, ni pori.
Mama alikuwa amesimama mlangoni pake.
Moshi wa uji ulikuwa unatoka.
Pori, alirudia, kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa.
Kiwanja namba mia nne na kumi na mbili, kitalu F,
kina mwenyewe, keshalipia.

Hata ile X nyekundu hatukupigwa.
Majirani wa bati walipigwa, wakalipwa,
kidogo, lakini walilipwa; bati linang'aa,
bati linaonekana mbinguni.
Sisi hatukubomolewa. Pori halibomolewi.
Walisafisha tu.

Basi siku ya tatu, ghala limejaa,
mgeni rasmi anasoma hotuba kwenye simu,
ukuta ukakohoa.
Watu wakaruka nyuma, glasi ya ukwaju ikapasuka.
Udongo ukabanduka kifuani pa Nyamwanji, vipandevipande,
chini yake kanga ya kijani, maneno yake nusu.
"Samahani," akasema. "Naombeni maji."

Mbeleje akanikonyeza: fundi, ziba.
Mwiko ulikuwa mkononi.
Nikauweka chini, nikampelekea maji.

Jumapili nilinunua makopo mawili ya rangi,
nikapanda juu ya bati langu.
Mama, anayekaa nami sasa, akashika ngazi.
"Rangi gani hiyo?"
"Ya chungwa."
"Itachoma macho."
"Ya nani?"
Akatazama juu, si kwangu, juu zaidi,
akiziba jua kwa kiganja.
"Ongeza," akasema.